Gazeti la Kiongozi na waandishi wa Tanga

Kiongozi lilikuwa gazeti la kila mwezi la Kiswahili lililochapishwa Tanga kwa herufi za Kilatini kuanzia 1904 hadi 1916. Lilitolewa na shule ya serikali ya Kijerumani ya mji huo, na nakala zake zilisambazwa katika maboma na shule za koloni zima, pwani na bara. Lisichanganywe na Kiongozi la Kanisa Katoliki, lililoanza kutoka Tabora mwaka 1950. Magazeti hayo yanafanana jina tu. Lile la Tanga lilikuwa la serikali, lilihaririwa chini ya macho ya walimu wa Kijerumani, na halikuwahi kuisema serikali vibaya. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya maneno yaliyokuwamo iliandikwa na wasomaji wenyewe, na hilo ndilo lililolipa nafasi yake katika historia ya uandishi wa Kiswahili.

Tanga ya miaka hiyo ilikuwa mji mdogo wa bandari. Mbele ya ghuba kuna kisiwa cha Toten. Juu ya ufuko palikaa boma na nyumba za Wazungu, na nyuma yake Ngamiani, ambako mitaa ilipimwa kwa mistari iliyonyooka. Reli ilianza kujengwa kutoka hapo mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na mashamba ya katani yakaenea kati ya pwani na milima ya Usambara. Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua, Washambaa, Waarabu na Wahindi walikutana mjini kwa biashara na kwa kazi, na lugha yao ya kukutania ilikuwa Kiswahili. Bandari, reli, forodha, mashamba na kodi vyote vilitaka watu wa kuandika hesabu na barua. Bila haja hiyo ya makarani, gazeti lisingekuwapo.

Uandishi wenyewe, hata hivyo, haukuletwa na shule. Mrima, yaani pwani hiyo ya bara, ulikuwa na waandishi wake kabla ya Wajerumani, waliotumia herufi za Kiarabu na kusambaza tungo zao kwa kunakili kwa mkono na kwa kughani. Aliyejulikana zaidi ni Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Mtang'ata, kusini mwa Tanga, mwanachuoni na mganga aliyetunga tenzi za dini na za vita za kale, kama Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Pwani ilipopigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, yeye aliyaweka mambo hayo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Aliyeongoza vita hivyo, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Utenzi haukupigwa chapa hadi 1955, J.W.T. Allen alipoutoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa zaidi ya miaka sitini, basi, maelezo marefu ya kishairi ya ushindi wa Wajerumani katika Mrima, yaliyotungwa na mtu wa huko huko, yalikaa katika miswada ilhali matbaa zilikuwa zikifanya kazi mwendo wa siku moja au mbili kutoka kwa mtunzi. Sababu haikuwa umbali. Matbaa zilikuwa za misheni na za serikali, na utenzi uliomtazama Mdachi kama mvamizi haukuwa na mlango wa kuingilia humo.

Matbaa ya kwanza ya jirani ilikuwa ya Magila, katika nchi ya Bonde, kwa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Misheni hiyo ilikuwa na uzoefu tayari, kwani chuo chake cha Kiungani, Unguja, kilitoa gazeti la Msimulizi kuanzia 1888, lililojazwa habari zilizoandikwa na walimu na wanafunzi Waafrika kutoka vituo mbalimbali. Katikati ya miaka ya 1890 Magila ikaanza gazeti lake, Habari za Mwezi. Hapo Magila pia kilichapwa kitabu ambacho wanahistoria wa Usambara hawawezi kukiepuka hata leo, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, kilichotoka kwa sehemu tatu, 1895, 1904 na 1907. Mwandishi alizaliwa Unguja, akaishi katika mabaraza ya watawala wa Kikilindi kule Usambara, na katika zama za Wajerumani akawa liwali wa Tangata. Ni historia ya ukoo wa kifalme iliyosimuliwa na mtu aliyeketi karibu na waliohusika, yenye masengenyo na fitina za barazani kiasi cha kuwachosha wasomaji wanaotafuta tarehe na kuwafurahisha wengine wote. Inaonyesha pia kwamba mwaka Kiongozi lilipozaliwa, nathari ndefu ya Kiswahili iliyopigwa chapa haikuwa kitu kigeni katika eneo la Tanga.

Shule ya serikali ilifunguliwa mjini mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati wa gavana Julius von Soden. Sera yake ilikuwa kwamba shule za serikali zisifungamane na dini yoyote, maana watu wa pwani, ambao ndio hasa serikali iliwataka kazini, walikuwa Waislamu na wasingewapeleka watoto wao kwa wamisionari. Mwanzoni aliajiriwa hata mwalimu wa Kurani ili wazazi waridhike. Wamisionari wakapiga kelele hadi mpango huo ukaachwa. Masomo yalifundishwa kwa Kiswahili. Wavulana walijifunza kusoma, kuandika kwa herufi za Kilatini, hesabu na Kijerumani kidogo. Pembeni palikuwa na karakana za ufundi, mojawapo ya uchapaji. Waliohitimu walisambazwa nchini kote: huyu karani wa boma, yule mwalimu wa shule ya kijijini, mwingine mkalimani, mpokea kodi au akida. Shule ya Tanga ikawa kitovu cha mtandao wa watu waliofahamiana, waliosoma vitabu vilevile na walioweza kuandikiana barua kutoka Lindi hadi Mwanza.

Karakana ya uchapaji ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kuwafundisha vijana ufundi na kuipatia serikali machapisho kwa bei nafuu. Ufundi wenyewe ulikuwa wa subira. Mpanga chapa aliokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye kasha lenye vyumba vidogo vidogo, akazipanga kinyume katika mstari, akaufunga ukurasa mzima katika fremu, akaupaka wino na kuupiga juu ya karatasi. Baada ya hapo herufi zilisafishwa na kurudishwa kila moja chumbani mwake kwa ajili ya ukurasa unaofuata. Kasha la Kijerumani hujazwa herufi e kwa wingi, lakini Kiswahili hula a kwa pupa, na kosa la herufi moja tu hugeuza kiambishi na pamoja nacho maana. Vijana wa Kitanga waliokuwa wasemaji wa lugha walikuwa kwa hiyo wasahihishaji bora kuliko mabwana wao, hata kama jina la msimamizi ndilo lililopata heshima.

Katika kurasa za Kiongozi msomaji alikutana kwanza na sauti ya serikali: amri mpya, matangazo ya kodi, habari za magavana na za Ulaya, sherehe za siku ya kuzaliwa Kaisari kila tarehe 27 Januari. Mawaidha hayakukosekana pia, kuhusu kilimo, afya na bidii ya kazi. Kurasa zilizobaki ndizo zilizokuwa na uhai. Humo zilijaa barua fupi kutoka kila pembe, zikieleza mvua ilivyonyesha au ilivyokataa, simba au chui aliyeingia kijijini, maradhi yaliyozuka, mgeni aliyepita, akida aliyefariki, daraja lililokamilika, shule iliyofunguliwa, bei ya chakula sokoni. Nyingi ni za mistari michache na hazina mapambo. Zikisomwa kwa mfululizo, huonyesha koloni likitazamwa kutoka chini kidogo, kwa macho ya karani badala ya macho ya bwana shauri.

Waliozileta habari hizo hawakuwa waandishi wa kazi. Walikuwa walimu, makarani, maakida, wakalimani, na baadhi ya wafanyabiashara, yaani watu wale wale walionunua gazeti. Mwalimu wa kituo cha mbali alipoona jina lake na jina la mji wake limepigwa chapa Tanga, alijua kwamba mwenzake aliyesoma naye dawati moja, ambaye sasa yuko upande wa pili wa nchi, atalisoma. Gazeti lilikuwa na kazi ya barua ya wazi kati ya marafiki, na mara nyingine ya kujibizana kati ya wasiopatana. Lilikuwa pia njia ya kuonekana mbele ya wakubwa. Barua iliyosifu maendeleo ya wilaya ilimsifu mwandishi wake bila kumtaja. Wasioweza kusoma nao hawakuachwa nje kabisa, kwa kuwa kusoma barazani kwa sauti mbele ya wasikilizaji lilikuwa jambo la kawaida pwani muda mrefu kabla ya kuja magazeti. Kwa hiyo idadi ya nakala zilizouzwa haielezi vizuri idadi ya watu waliozipata habari.

Mashairi yaliingia karibu bila kuitwa. Katika utamaduni wa Mrima, jambo zito husemwa kwa beti. Sifa, malalamiko, mwaliko, tanzia, fumbo la kumtega mshairi mwenzako, vyote vina mizani na vina vyake. Mwandishi aliyetaka kutoa taarifa ya sherehe ya Kaisari au ya safari ya bwana mkubwa aliona kwamba nathari peke yake haitoshi heshima, akatunga. Tungo nyingi za namna hiyo ni za kusifu utawala, na wahakiki wa baadaye wameziita za kujipendekeza. Hukumu hiyo ni ya kweli kwa nusu. Kumsifu mwenye nguvu kwa shairi ilikuwa desturi ya kale katika miji ya pwani, iliyoelekezwa kwa masultani na majumbe kabla ya kuelekezwa kwa magavana, na mtunzi hodari aliweza kuficha ombi, au hata kejeli, ndani ya sifa. Kadhalika, mkusanyaji wa Kijerumani Carl Velten alikuwa akizitafuta tungo za pwani katika miaka hiyo hiyo, na kitabu chake Prosa und Poesie der Suaheli cha 1907 kinaonyesha jinsi watunzi wa Mrima walivyoandika kuhusu vita na watawala wapya. Watu hawa walikuwa tayari na sanaa yao. Gazeti liliwapa ukurasa na wasomaji wasiowaona.

Mpaka wa uhuru wao ulionekana wazi mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini, gazeti liliviripoti kwa upande wa serikali, na waliopigana wakatajwa kama wahalifu na wajinga waliodanganywa na waganga. Baadhi ya waandishi wa barua walikuwa wenyewe hatarini, maana akida na karani walikuwa miongoni mwa walengwa wa kwanza wa hasira za wakulima. Simulizi nyingine ya vita hivyo iliandikwa Lindi na Abdul Karim bin Jamaliddini kwa utenzi, mbali na kurasa za Kiongozi. Kuziweka simulizi hizo mbili bega kwa bega ndiyo njia nzuri ya kupima ni kiasi gani cha mambo kilichoachwa nje ya gazeti.

Washindani wa Kiongozi walikuwa wa aina mbili. Walowezi wa Usambara walikuwa na gazeti lao la Kijerumani lililotoka Tanga hiyo hiyo, Usambara-Post, lililopigania ardhi na vibarua wa bei rahisi na kumshambulia bila kuchoka gavana Albrecht von Rechenberg, waliyemwona mpole mno kwa Waafrika. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba katika mji huu mdogo gazeti la Wazungu ndilo lililoitukana serikali, huku la Waafrika likiitetea. Washindani wa pili walikuwa wamisionari, ambao waliona katika shule ya Tanga na gazeti lake njia ya kueneza Uislamu bara, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha pwani na waandishi wake wengi Waislamu. Mwaka 1910 Walutheri wa Dar es Salaam, chini ya Martin Klamroth, walianzisha Pwani na Bara. Mwaka huo huo Wakatoliki wakaanzisha Rafiki Yangu. Magazeti hayo mawili yaliwatafuta wasomaji wale wale, na yakafuata mtindo ule ule wa kujaza kurasa kwa barua za wasomaji.

Sehemu nzima za sanaa ya mji zilibaki nje ya karatasi. Shule ilikuwa ya wavulana, basi waandishi walikuwa karibu wote wanaume, na nyimbo za wanawake za harusi na za unyago hazikupata mlango. Wanachuoni wa Kiarabu na wenye kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliendelea na miswada yao kana kwamba gazeti halipo. Ngoma ya beni, iliyoigiza bendi na magwaride ya Kizungu, ilipofika mjini na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilitoa nyimbo zilizowataja watu na visa vya wiki hiyo kwa ukali ambao mhariri yeyote angeukata. Kwa wengi wa Ngamiani, beni ndiyo iliyowapa habari za mji. Mkondo huo wa kuimba mambo ya mji haukukauka. Miongo mingi baadaye Tanga ilisifika kwa vikundi vya taarab kama Black Star na Lucky Star na kwa bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, lakini hiyo ni historia nyingine.

Vita vya Dunia viliufikia mji mapema. Mnamo Novemba 1914 jeshi la Uingereza, lenye askari wengi kutoka India, lilishuka Tanga na likashindwa vibaya na kikosi kidogo zaidi cha Paul von Lettow-Vorbeck. Kiongozi liliendelea kwa shida, karatasi na habari za nje zikiwa haba kwa sababu ya mzingiro wa baharini. Waingereza walipouteka mji mwezi Julai 1916, gazeti, shule na matbaa vilisimama pamoja. Magazeti ya misheni yaliyokuwa upande wa Wajerumani hayakunusurika pia. Kwa upande wa UMCA, walimu Waafrika wa eneo hilo walishukiwa na Wajerumani kuwa majasusi, wakakamatwa na kupelekwa bara wakiwa wamefungwa. Samweli Sehoza, mmoja wao, aliandika mateso hayo katika kitabu kidogo, Mwaka katika Minyororo, kilichochapishwa 1921. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiswahili kuhusu maisha ya kifungo, na kimetokana na watu wale wale wa Habari za Mwezi.

Watawala wapya walikuta urithi wasioutarajia. Maofisa wa Kiingereza waliandika katika ripoti zao za mwanzo kwamba wangeweza kumpelekea akida au jumbe barua ya Kiswahili na kupata jibu lililoandikwa, jambo ambalo hawakulizoea katika makoloni yao ya jirani. Makarani wa zamani wa Tanga wakaajiriwa upya. Waliungana na wageni kama Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani na kupanda hadi kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga. Machi 1922 Kayamba na wenzake waliunda mjini hapo Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, ambacho wanahistoria wa siasa hukitaja kama mmoja wa wazazi wa mbali wa TANU. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu muungano wa Afrika ya Mashariki. Waanzilishi wa chama walikuwa Waislamu na Wakristo, watu wa shule ya serikali na watu wa misheni, makundi yaliyokuwa yakisoma magazeti tofauti miaka kumi tu kabla.

Matbaa ya Kiswahili haikurudi Tanga kwa uzito wake wa zamani. Januari 1923 Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo, nalo lilitoka Dar es Salaam. Lakini muundo wake ulikuwa ule ule: gazeti la serikali la kila mwezi, amri na mawaidha mbele, barua za miji na mashairi nyuma. Wasomaji waliokwisha kuzoea kuliandikia Kiongozi walijua la kufanya, na watu wa Tanga walikuwa miongoni mwao. Katika miaka ya 1930 Mambo Leo lilichapa kwa mfululizo Habari za Mrima za Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, kadhi wa Tanga na mwana wa yule mtunzi wa Vita vya Wadachi. Baba aliandika kwa beti na kwa herufi za Kiarabu, kuhusu vita. Mwana akaandika kwa nathari na kwa herufi za Kilatini, kuhusu asili za miji na makabila ya pwani, na akasomwa nchi nzima akiwa hai. Ali bin Hemedi alitunga pia Nikahi, maelezo ya sheria ya ndoa ya Kiislamu kwa Kiswahili, yaliyokuja kutumika hata na mahakimu wa Kizungu.

Ukurasa wa mashairi wa Mambo Leo ndio uliomtambulisha Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akasoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia utumishi wa forodha, ambako alikaa karibu miaka ishirini, sehemu yake Pangani. Baada ya miaka miwili katika idara ya wanyama alirudi Tanga mwaka 1946, kwanza katika ofisi ya wilaya, halafu katika idara ya upimaji hadi alipostaafu. Maisha hayo ni ya mtu wa tabaka lile lile lililoliandika Kiongozi, karani wa serikali anayeandika usiku, anayehamishwa kila mara, na anayewasiliana na wasomi wenzake kwa kalamu. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilichapwa mwaka 2002, na ndani yake mna mashairi, mashauri ya kifamilia, habari za vitabu na wasiwasi wa pesa vilivyochanganywa bila mpangilio. Ulenge mwenyewe alikuwa mwalimu na mwandishi, mtunzi wa Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine.

Kati ya waandishi wa Tanga, Shaaban Robert ndiye aliyeutumia ukurasa wa gazeti kama ngazi badala ya kuishia hapo. Kuanzia miaka ya 1940 alitoa vitabu mfululizo, na vilichapwa mbali sana na kwao. Pambo la Lugha na Marudi Mema vilitoka Johannesburg, kwa matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika mfululizo uliohaririwa na C.M. Doke. Vingine vilipitia kampuni za Uingereza: Kusadikika, hadithi ya nchi ya angani ambako wajumbe waliotumwa kutafuta elimu hufungwa wanaporudi, kilichapwa na Nelson mwaka 1951. Wasomi wengi wameona ndani yake Tanganyika ya wakoloni, ingawa idara zilizosimamia vitabu hazikuona au zilijifanya hazioni. Sanaa ya fumbo, ambayo watunzi wa Mrima waliitumia kumwambia mkubwa jambo bila kumwambia, ilimsaidia hapa kuliko ingemsaidia hoja ya wazi.

Aliandika pia kuhusu msanii mwenzake. Wasifu wa Siti binti Saad ni maisha ya mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika umaskini, akapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kuwa sauti iliyojulikana pwani nzima. Kabla ya hapo wasifu wa Kiswahili ulikuwa hasa wa mitume, masultani na masheikh. Kuchagua mwanamke mfinyanzi wa vyungu aliyegeuka mwimbaji, na kumwandikia kitabu cha heshima, kulikuwa uamuzi wa kifasihi na wa kijamii pia, na uliingiza katika chapa sanaa ile ya sauti ambayo magazeti ya makarani yalikuwa yameiacha nje. Wasifu huo ulitoka kwanza mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo Shaaban Robert alikuwa mjumbe wake.

Uchapishaji wa mbali ulimgharimu. Haki za baadhi ya vitabu ziliuzwa kwa malipo madogo, masahihisho yalichukua miezi, na nakala zilifika Tanga kwa uchache. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliamua kuchapisha mwenyewe, kwa jina la Art and Literature, anwani ikiwa Tanga. Insha na Mashairi kilitoka chini ya jina hilo, na Wasifu wa Siti binti Saad ukatolewa upya kama kitabu cha peke yake. Mtaji ulikuwa mdogo na usambazaji ulitegemea posta na marafiki. Shughuli hiyo haikudumu. Mwenyewe alifariki Juni 1962, akazikwa kwao, na vitabu vyake vilivyobaki katika miswada, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vikatolewa na wachapishaji wengine katika miaka iliyofuata.